Samaki wa Mdogo Wangu Katika Stoo ya Mahindi

Mdogo wangu alirudi kutoka Mombasa mwaka ule wa njaa tuliokula mahindi ya manjano ya msaada, akiwa na sanduku moja la nguo na samaki saba. Walipoanza safari walikuwa tisa. Mmoja alifia Voi, na mwingine alikutwa amekufa baada ya Timboroa, mahali ambapo baridi huanza kuuma hata mtu aliyevaa koti.

Alikuwa ameolewa huko pwani miaka minane. Alifanya kazi katika maabara iliyochunguza mambo ya bahari, akipima maji na kuhesabu vijidudu chini ya darubini, na mumewe alikuwa mkubwa wake katika ofisi hiyo hiyo. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka wa nane mwanamume akaleta mke mwingine nyumbani, akamwambia mdogo wangu kwamba chumba cha nyuma kinamtosha. Hakugombana naye. Aliacha kazi, maana asingeweza kuingia ofisini kila asubuhi kumsalimu mtu huyo, akabeba alichoona ni chake.

Wazazi wetu walikuwa wameshakufa. Shamba la baba kule Murang'a lilikuwa mikononi mwa kaka yetu, naye alituandikia barua fupi kwamba msichana aliyeolewa hana kipande cha kugawiwa, na kwamba ingekuwa vizuri akae kwa dada yake Eldoret mpaka atulie. Dada yake ni mimi. Barua hiyo niliisoma mara mbili nikaichoma jikoni kabla yeye hajafika, ili asiione.

Mimi na mume wangu tulikuwa na duka la nafaka nyuma ya soko. Mbele ilikuwa kaunta na mizani, na juu ya mizani picha ya Rais, kama katika duka lolote. Nyuma ya duka ilikuwa stoo ya magunia, na nyuma ya stoo jikoni na vyumba viwili tulivyolala sisi na watoto wetu wawili. Ng'ambo ya barabara palikuwa na yadi ya malori. Mwenyewe alikuwa mzee Msomali kutoka Wajir, mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina, ambaye malori yake yalitoa mizigo bandarini kuipeleka Uganda. Mume wangu alimwomba amletee shemeji yake na vitu vyake. Siku hiyo mzee mwenyewe alikuwa ndani ya lori.

Aliingia dukani akifuta mikono kwa kitambaa.

"Mama," akaniambia, "mimi nimebeba simiti, nimebeba ngamia, nimebeba maiti mara mbili. Lakini samaki ya kuangalia, hii ni mara ya kwanza."

"Samaki ya kuangalia?"

"Ndio. Nilimuuliza tutapika lini. Hakuniongelesha tena mpaka Mtito."

Nilitoka nje. Mdogo wangu alikuwa bado ameketi ndani ya lori, katoni katikati ya miguu, sweta yake ameifunika katoni na yeye mwenyewe anatetemeka. Nilikuwa sijamwona kwa miaka mitatu. Hakunisalimu kwanza. Alisema, "Dada, kuna mahali penye stima?"

Mahali penye stima na joto palikuwa stoo tu, kwenye ukuta uliopakana na jikoni. Mume wangu alihamisha magunia kumi. Yeye na mzee wakaingiza tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, lenye fremu ya chuma. Wakaingiza mitungi ya maji ya bahari na gunia la mchanga mweupe wa matumbawe. Mdogo wangu alifanya kazi mpaka jioni akiwa na viatu vya safari. Alitumbukiza hita, akaunganisha pampu ndogo iliyovuta hewa ya chumba na kuisukuma majini kwa mpira, akapima chumvi kwa kijiti cha kioo kinachoelea, kama kile wanachopimia maziwa pale kwenye ushirika. Mwisho kabisa akafungua mifuko ya plastiki.

Jina lao la kitabuni ni anthia. Hawazidi kidole changu cha kati kwa urefu. Sita walikuwa majike, rangi ya chungwa lililoiva, na chini ya jicho mstari wa zambarau kana kwamba mtu alichora kwa wino. Wa saba alikuwa dume, mwekundu wa kuelekea zambarau, na juu ya mgongo wake uzi mmoja mrefu uliosimama kama bendera. Walisimama wote pamoja katikati ya maji wakielekea upande mmoja. Niliwahi kuona bahari mara moja tu, nikiwa msichana, nayo ilikuwa na rangi ya matope kwa sababu ya mvua. Sikujua kulikuwa na vitu kama hivi ndani yake.

"Wanakula nini?" nikamuuliza.

"Vitu vidogo sana, lakini kila saa. Huko kwao chakula kinapita mbele yao mchana kutwa. Ukimlisha mara moja kwa siku kama mbwa, atakula, atashiba, na bado atakonda mpaka afe."

Nilimwambia huyo si samaki, huyo ni mtoto mchanga. Nilijuta nilipokwisha kusema. Yeye alichutama tu akaanza kukusanya mifuko mitupu.

Basi tukaanza kulisha. Mara sita kwa siku. Binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, alijifunza kuvua viluwiluwi vya mbu kwenye mapipa ya maji ya mvua kwa kipande cha soksi ya nailoni. Mdogo wangu alikwenda sokoni kwa wanawake waliouza samaki wa Kisumu, akaomba mayai yaliyotolewa matumboni, akayasuuza na kuyasugua kwenye kichujio cha chai mpaka yakawa kama chenga za unga. Wale wanawake walimpa bure, wakiwa na huruma usoni. Baada ya mwezi mmoja nikasikia wanasema nini. Walisema anakula mayai ya samaki ili apate mimba, na kwamba dawa hiyo haitamfaa kitu bila mume. Nilitaka kwenda kuwanyamazisha. Mdogo wangu alinishika mkono. "Wacha," akasema. "Wakijua ni chakula cha samaki watataka kulipwa."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Jambo likimuuma hulikunja akaliweka mahali, kisha akaendelea na kazi.

Baridi ya Eldoret ndiyo iliyompa taabu. Mwezi wa saba alilifunga tangi blanketi pande tatu. Maji yalipungua, na kila mwezi dereva wa mzee wa malori alileta mitungi miwili aliyoijaza huko pwani, na mzee mwenyewe alikuja nayo ili apate sababu ya kutazama. Alikuwa hawezi kuwazoea. Alisimama mikono nyuma, akasema, "Huyu dume ana wake sita na hakuna kelele," kisha akanywa chai akaenda zake.

Siku moja vijana wa chama tawala waliokuwa wakipita kuangalia kadi za uanachama waliona mitungi isiyo na alama imepangwa mlangoni, wakauliza kuna nini huko nyuma. Siku hizo kitu chochote ambacho jirani hakukielewa kiliweza kukuponza. Mume wangu alitangulia mbele, jasho limemtoka, akawafungulia stoo. Waliingia watatu wakiwa wakali. Mdogo wangu akawaeleza kwa upole kama anafundisha darasa: hii ni hita, hii ni pampu, hawa ni samaki. Wawili wakaondoka wakicheka. Wa tatu akabaki, kijana mwenye kovu kwenye nyusi, akauliza kama anaweza kuwapa chakula. Alipewa kijiko. Hatukusumbuliwa tena.

Kulikuwa na sharti moja tu alilotuwekea. Sisi wenye nafaka tulipuliza stoo dawa ya pareto kila nusu mwaka kwa sababu ya fukusi, wale wadudu weusi wanaotoboa mahindi. "Pareto haimdhuru mtu," alituambia wiki ya kwanza, "lakini samaki hufa kwa mvuke wake tu. Mkitaka kupuliza, mniambie kwanza. Nitazima pampu isivute hewa hiyo, nitafunika tangi kwa plastiki na blanketi lililoloa maji." Tulifanya hivyo mara mbili. Mara zote mbili mimi ndiye niliyeshika upande wa pili wa blanketi.

Katika mvua ndefu za mwaka uliofuata, nguzo ya stima ilianguka Jumamosi asubuhi, na mtaa mzima ukakaa bila stima mpaka jioni. Pampu ilinyamaza. Mdogo wangu alichota maji kwa jagi, akainua juu kabisa, akayamimina tena ndani ili yashike hewa. Akachota, akamimina. Baada ya saa moja mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia anipe jagi. Mume wangu akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata tulipofiwa, akapokea baada yangu. Binti yangu akapokea baada yake kwa kikombe. Mzee wa malori akaja na chupa ya plastiki ya maji ya moto aliyoifunga kamba, akaitumbukiza ili maji yasipoe. Tulipokezana mpaka jua likazama, tukiwa tumelowa mpaka viwikoni, tukicheka kwa sababu ya kuchoka. Hakuna samaki aliyekufa. Nakumbuka siku ile kama mojawapo ya siku njema za ndoa yangu, na sijui kama inafaa niseme hivyo, kwa maana ndiyo siku jambo hili lilipoanza.

Wakati wa chakula mume wangu aliangalia kila mtu mezani, akaangalia mdogo wangu na nywele zake zilizolowa, akasema, "Nyumba hii siku hizi ina uhai."

Hakuwa na nia mbaya. Hakuwa mtu wa kutazama wanawake, na mdogo wangu hakuwa mtu wa kutazamwa. Lakini nilikuwa nimeishi katika nyumba ile miaka kumi na mbili, nikafagia, nikazaa, nikapima mahindi hata nilipovunjika mkono ukiwa kwenye plasta, na hakuna aliyewahi kuniambia nyumba ina uhai. Niliinuka nikaenda kuchukua chumvi ambayo ilikuwa tayari iko mezani.

Tangu hapo nikaanza kuona. Niliona kwamba binti yangu anafanya kazi zake za shule stoo, amekaa juu ya gunia karibu na tangi, na ananiuliza maswali pale tu shangazi yake asipokuwepo. Watoto wetu walimwita shangazi ingawa alikuwa mama mdogo kwao. Niliona mume wangu, aliyezoea kusikiliza habari za saa moja peke yake, anaibeba redio kwenda stoo. Nilisikia wanaongea. Nilipoingia hawakunyamaza, waliendelea tu, wakanipisha nipite. Labda ingekuwa afadhali wangenyamaza.

Mwezi wa sita yule dume alikufa, bila ugonjwa tuliouona. Mdogo wangu alimtoa kwa kichujio akamzika kwenye kopo la maua uani. Siku chache baadaye jike mkubwa kuliko wenzake akaanza kubadilika. Kwanza alibadilika tabia, akawafukuza wenzake na kuogelea mbele yao kwa madaha. Kisha rangi yake ikaingia wekundu, na kabla mwezi haujaisha alikuwa ameota uzi mgongoni. Alikuwa amegeuka dume. Mdogo wangu alitueleza kwamba ndivyo walivyoumbwa.

"Basi huko hakuna mjane," mume wangu akasema.

"Mjane yupo, shemeji," akajibu. "Ila hana nafasi ya kulia."

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa mlangoni na karai la maharage, nikarudi nilikotoka.

Mwezi wa tisa alipata kazi. Zahanati moja ya binafsi ilihitaji mtu wa maabara. Alikuwa ametafuta kwa zaidi ya mwaka, na kila ofisi ilimuuliza ni nani anayemjua. Siku ya kwanza alivaa sketi yangu ya kijivu kwa sababu zake zilikuwa zimechakaa. Alinionyesha vikopo vitatu alivyoviandaa: cha saa nne, cha saa sita, cha saa nane. Cha saa kumi alimwachia binti yangu. "Asante, dada," akasema. "Bila wewe nisingeweza kwenda." Mume wangu alikuwa amekwenda Kitale kutafuta mahindi. Watoto walikuwa shuleni.

Saa nne niliwalisha. Saa sita niliwalisha. Kama saa saba na nusu niliingia kupima maharage, nikaona fukusi wanapanda ukutani kutoka kwenye gunia la pembeni, mstari mrefu. Nilichukua bomba la dawa kutoka juu ya mlango.

Nimejiambia mambo mengi kuhusu dakika zile. Nimejiambia kwamba nilikuwa na wateja mbele na haraka kichwani, kwamba fukusi wangemaliza mzigo mzima, kwamba gunia lilikuwa mbali na tangi. Mzigo usingeisha kwa siku moja. Na stoo haikuwa na umbali wowote. Ukweli ni kwamba nilikumbuka. Nilikuwa na bomba mkononi nikakumbuka pampu, nikaisikia inanguruma pale pale, nikakumbuka blanketi liko wapi. Wale samaki waliponiona walikuja mbele kwenye kioo wote sita, maana sasa walinijua, walidhani ni saa nane imefika. Nilipuliza gunia. Nilipuliza ukuta. Kisha nikafunga mlango nikarudi dukani kumpimia mtu kilo mbili za njugu.

Nilirudi saa kumi. Walikuwa bado wanahema, watatu wao, wakizunguka kwa ubavu kama majani kwenye mtaro. Ndipo nilipochomoa pampu. Nilifungua dirisha, nikapepea kwa gunia tupu, nikanyanyua jagi nikachota maji nikamimina, nikachota nikamimina, nikilia. Hayo yote hayakuwa na faida yoyote. Kabla mdogo wangu hajafika niliirudisha pampu kwenye stima, nikanawa mikono kwa sabuni ya kufulia, nikakaa jikoni.

Aliingia akiwa na furaha. Nilimsikia anavua viatu. Kisha nilimsikia anafungua mlango wa stoo.

Nilipokwenda alikuwa amesimama mbele ya tangi, mkono mmoja ameuweka juu ya kioo. Aliangalia maji, akaangalia sakafu, akaniangalia mimi.

"Labda ni stima," akasema. "Ilipotea?"

"Kidogo," nikasema. "Mchana."

"Ndio," akasema. "Basi ni stima."

Aliwatoa mmoja mmoja kwa kiganja, hakutumia kichujio. Binti yangu aliporudi kutoka shule alilia mpaka akatapika, na ni mdogo wangu aliyembembeleza. Mume wangu alirudi jioni, akasimama stoo na kofia mkononi kama mtu aliyeingia matangani. Hakuna aliyenilaumu. Nilikuwa nimeogopa kulaumiwa, na sasa nilitamani mmoja wao anilaumu.

Wiki iliyofuata mzee wa malori alileta mitungi yake miwili kama kawaida, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia. Mdogo wangu alimshukuru, akamkaribisha chai, akamsimulia. Mzee alikaa na kikombe bila kunywa. Mwishowe akasema, "Pole, binti yangu," akaamka, akasahau kofia yake kwenye kaunta. Maji yale mdogo wangu aliyamwaga nyuma ya bafu. Nyasi za pale zilikauka zote.

Mwisho wa mwezi alihamia chumba cha kupanga mtaani Kapsoya. Alisema ni karibu na kazi, ingawa haikuwa karibu. Tangi aliipa shule moja wafugie kambale. Baada ya mwaka alipata kazi katika hospitali huko Kitale, akawa anakuja kwetu Krismasi na Pasaka, na zawadi kwa kila mtu, na vitambaa vizuri kwangu. Alinisalimu vizuri, aliniuliza kuhusu miguu yangu na biashara. Nilipomuuliza habari zake alisema, "Njema tu, dada." Kama alikuwa na rafiki, kama alipendwa na mtu, kama alilia usiku, mimi sikujua. Zamani alikuwa ananiambia hata alichoota. Miaka ilipita hivyo, tukiheshimiana kama wageni kwenye harusi.

Aliugua kuelekea mwisho wa enzi ile ya chama kimoja, watu walipokuwa wameanza kunong'ona waziwazi. Ilikuwa saratani, imeingia tumboni. Nilikwenda kumuuguza Kitale katika nyumba yake ya chumba na sebule. Hapakuwa na samaki wala picha ya samaki. Nilimwogesha, nikampikia uji, nikamsomea magazeti. Siku moja asubuhi, nikiwa namsuka nywele ili aonekane nadhifu kwa daktari, nilisema bila kupanga:

"Wale samaki. Haikuwa stima."

"Najua," akasema.

Mikono yangu ilisimama kichwani mwake. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Fukusi walikuwa wamelala chali chini ya dirisha. Na leso yako ilinuka pareto."

"Mbona hukuniuliza?"

Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuwa na hasira.

"Ningekuuliza ungenijibu. Na ungekuwa umenijibu, ningelazimika kuondoka siku ile ile. Ningekwenda wapi, dada? Nilikuwa na siku moja ya kazi."

Nilikuwa nimefikiria mambo mengi katika miaka ile: kwamba hakujua, kwamba alijua akanihurumia, kwamba alinisamehe kimya kimya. Sikuwahi kufikiria kwamba alinyamaza kwa sababu alikuwa anakula kwangu. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamwomba msamaha. Aliweka mkono begani mwangu, mkono mwepesi kama wa mtoto.

"Nilikusamehe zamani," akasema. "Kukuamini ndiko kulikonishinda. Nilijaribu kila Krismasi." Kisha akasema, "Malizia nywele, daktari anakuja saa tatu."

Nilimaliza nywele. Hatukuzungumza jambo hilo tena, lakini jioni ile alinieleza kuhusu mwalimu mmoja aliyetaka kumwoa miaka mitatu iliyopita, na kwa nini alikataa, na nikasikiliza bila kuuliza kitu, nikiogopa asije akanyamaza. Nilipata majuma saba ya namna hiyo. Siku nyingine alikuwa na maumivu asiweze kusema.

Mdogo wangu alipokufa, kaka yetu alipiga simu dukani kusema kwamba mambo ya kumsafirisha mpaka Murang'a yatakuwa magumu. Mume wangu alimjibu kwamba hakuna aliyemwomba. Tulikuwa tumenunua ploti mtaani Munyaka, bado hatujajenga, na tulimzika pale, upande wa juu penye jua la asubuhi. Mzee wa malori alikuja na wanawe, wakasimama nje ya ua kwa heshima mpaka sala zetu zilipokwisha, kisha wakachukua sepetu wakasaidia kufukia.

Mume wangu sikumwambia kamwe. Aliondoka duniani akiamini ni stima. Binti yangu, ambaye sasa ni mwalimu na ana watoto wake, aliniuliza mwaka jana tukimenya viazi. Alisema amekuwa akiwaeleza wanafunzi wake kuhusu samaki wanaobadilika kutoka jike kuwa dume, nao wakamuuliza wale wa utotoni mwake waliishia wapi, akashindwa kukumbuka vizuri.

Nilimwambia yote, kama nilivyoandika hapa. Aliendelea kumenya. Nilimwangalia mikono yake, nikaona kisu kinapita taratibu zaidi na zaidi, mpaka kikasimama.

"Mimi nilikuwa nimemwahidi shangazi nitawahi kurudi niwape cha saa kumi," akasema. "Nilichelewa shuleni nikicheza mpira wa kati. Nimekuwa nikifikiri ni mimi."

Alikuwa na miaka arobaini na moja aliposema maneno hayo. Nilitaka kumshika, lakini alikuwa ameshainuka, amekwenda kusimama mlangoni, ananipa mgongo, na sikujua kama nimepewa ruhusa ya kumfuata.